UKOKO NDANI YA BOILA

Chukua birika la nyumbani kwako, lile lililokwisha kutumika mwaka mmoja au miwili, ufunue kifuniko na kutazama ndani. Utaona utando mweupe, pengine wa rangi ya kahawia, umeshika chini na ubavuni. Ukiukwaruza kwa ncha ya kijiko hutoka vipande vipande kama magamba ya samaki. Wengi hudhani ni masalio ya majani ya chai. Kwa hakika ni jiwe. Ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka katika maji, na moto wa jiko lako umeitoa humo na kuigandisha juu ya bati.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya ukoko huo. Najua kuna watakaosema kuwa hilo ni jambo dogo mno kwa mazungumzo ya historia. Lakini twendeni pamoja mpaka Kilosa na Mikumi, tuone jinsi jambo dogo kama hilo lilivyokuwa likiamua garimoshi litembee au lisitembee, na sukari ipatikane au isipatikane.

Tuanze na njia yenyewe. Kabla ya reli, misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa ikipanda bonde la mto Mkondoa, kupita hapo Kilosa ilipo leo, mpaka Mpwapwa. Kutoka Mpwapwa kuingia Ugogo ilikabili nyika kavu ambayo wapagazi waliiita Marenga Mkali, maana yake maji makali. Burton aliipita mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, na wote wawili waliliandika jina hilo katika vitabu vyao. Karibu na hapo pana mahali paitwapo Chunyo, na watu wa pwani mtalikumbuka neno chunyu, yaani ule ukoko wa chumvi unaobaki mwilini ukishaoga baharini na kukaushwa na jua. Basi wapagazi walijua kwa ndimi zao jambo ambalo mainjinia wa Kijerumani walikuja kulijua kwa hasara: kwamba ukielekea bara kutoka Kilosa, maji hupungua, na hayo machache yaliyopo yana chumvi na chokaa.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kampuni ya Philipp Holzmann. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Vitabu vya historia hutueleza sana habari za mataruma, madaraja na vibarua waliokufa kwa homa. Hatuelezwi sana habari za maji. Na injini ya mvuke, ndugu zangu, hula kuni au makaa lakini hunywa maji kuliko inavyokula. Ndiyo maana kila baada ya mwendo fulani ilibidi pawepo na tangi la maji kando ya reli, na mahali pa tangi ndipo mara nyingi palipoota kituo, na kituo kikazaa soko na mji.

Sasa, boila ya garimoshi ni nini? Ni birika kubwa la chuma lililolazwa chali. Upande mmoja pana tanuri la moto. Moshi wa moto ule hupita ndani ya mabomba mengi membamba yaliyozungukwa na maji, kisha hutokea dohani. Maji hupata joto, hugeuka mvuke, na mvuke ukibanwa husukuma pistoni. Mvuke ukibanwa kiasi cha mara 12 ya hewa ya kawaida, maji huchemka kwenye nyuzi kama 190, wala si 100 kama birika lako. Na moto wa tanurini hupita nyuzi 1,000. Chuma cha tanuri kinasalimika katikati ya joto hilo kwa sababu moja tu: upande wa pili kuna maji yanayokipokonya joto kila nukta.

Hapo ndipo ukoko unapoleta balaa. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huyeyusha chokaa na madini mengine katika udongo na miamba. Ukiyatazama katika bilauri ni meupe kabisa. Lakini chokaa hii haina tabia kama ya sukari. Sukari huyeyuka zaidi maji yakipata moto. Chokaa ya aina hii hufanya kinyume: maji yakizidi kupata moto, nayo huzidi kujitenga. Kwa hiyo hushika hasa pale penye moto mkali, yaani juu ya bati la tanuri na juu ya yale mabomba membamba. Na ukoko huo haupitishi joto sawa na chuma. Chuma hupitisha joto mara 20 au zaidi kuliko ukoko wa chokaa, na ukiwa ni ukoko wenye mchanga wa silika ndani yake, tofauti ni kubwa zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme kila lita ya maji ina theluthi moja hivi ya gramu ya madini, jambo ambalo ni la kawaida kwa maji ya visima vya nchi kavu. Injini ikinywa lita 20,000 katika safari moja, imemeza karibu kilo 6 na nusu za mawe. Safari 20 ni kilo zaidi ya 130. Mvuke hutoka dohani, mawe hubaki. Sehemu yake hutolewa dereva anapofungua vali ya chini kumwaga maji machafu, lakini sehemu nyingine hushika. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe ni tumbo la injini.

Mwanzo wake dereva huona tu kwamba moto ni ule ule lakini mvuke unapanda polepole. Mchocheaji huongeza kuni. Gharama hupanda, na mabwana wa ofisini huuliza kwa nini kuni zinaliwa hivi. Baadaye chuma kilichofunikwa na ukoko hakifikiwi tena na maji vizuri, hupata joto kupita kiasi, hulainika na kubonyea kama bati la paa lililokanyagwa. Mabomba huanza kuvuja. Na mwisho wa yote ni boila kupasuka, jambo ambalo katika karne ya 19 liliua watu wengi Ulaya na Marekani. Kwa sababu hiyo juu ya tanuri kuliwekwa kizibo cha risasi. Bati likizidi kupata moto, risasi huyeyuka, na mvuke hububujika juu ya moto kutoa onyo. Kizibo kile kikiyeyuka, safari imekwisha, lakini watu wamepona.

Dawa yake ilikuwa ni kuosha. Injini iliondolewa kazini, moto ukazimwa, na boila ikaachwa ipoe taratibu, kwa kuwa ukilimwagia chuma cha moto maji ya baridi kitapasuka. Kisha vizibo vya kuoshea vilifunguliwa, bomba la maji yenye nguvu likaingizwa, na mafundi na vibarua wakakwangua kwa fito ndefu za chuma, tundu moja baada ya jingine, huku magamba na tope vikimwagika chini. Ilikuwa kazi chafu, ya giza na ya joto, na ilihitaji mtu mwaminifu, kwa maana tundu lililorukwa hakuna aliyeweza kulijua mpaka siku ya maafa. Huko duniani watu waligundua pia kwamba maji ya magome ya miti, yale yanayotumika kulainisha ngozi, yakitiwa ndani ya boila huufanya ukoko uwe tope laini badala ya jiwe. Magome ya miwati, mti unaolimwa kwetu Njombe, yalitumika sana duniani kwa kazi hiyo.

Njia nyingine ilikuwa ni kuyakwepa maji mabaya. Mwaka 1955 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilianza kupokea kutoka Glasgow injini 26 zilizoitwa kundi la 30. Zilifanana sana na kundi la 29 lililozitangulia, isipokuwa behewa lake la maji lilikuwa kubwa zaidi ili injini iweze kwenda masafa marefu bila kunywa. Tafsiri yake ni nyepesi: kama huwezi kuyaponya maji ya njiani, beba yako kutoka nyumbani. Mama anayekwenda safari na dumu lake la maji analifahamu wazo hilo bila kusomea uinjinia.

Ndugu msikilizaji, tugeuke sasa kusini. Mwaka 1960 reli ya tawi ilifunguliwa kutoka Kilosa kwenda Mikumi, na mwaka 1965 ikafikishwa Kidatu, kando ya mto Ruaha Mkuu, jumla zaidi ya kilometa 100. Katikati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1964, Mikumi ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Leo ukilitaja jina la Mikumi mtu wa mjini hufikiri tembo na twiga wanaovuka barabara ya Iringa. Lakini shabaha ya reli ile ilikuwa miwa. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianzishwa mwaka 1960, na kiwanda chake cha kwanza, Msolwa, kilianza kazi mwaka 1962. Kiwanda cha pili, Ruembe, upande wa Kilosa wa mto Ruaha, kilifuata mwaka 1976.

Hapo ukoko ulipata makao mapya. Kutengeneza sukari, ukiitazama kwa jicho la fundi, ni kazi ya kufukuza maji. Maji ya muwa ni maji matupu kwa sehemu kubwa, na sukari iliyomo ni ndogo. Miwa hukamuliwa, maji yake hutiwa chokaa ili uchafu ushuke chini, kisha huchemshwa katika vyombo vikubwa vyenye mamia ya mabomba mpaka yawe shira nzito. Makapi ya miwa ndiyo kuni za boila, na mvuke wa boila ndio unaochemsha.

Utaratibu wa vyombo hivyo ulibuniwa na Norbert Rillieux, mtu mwenye asili ya Kiafrika, aliyezaliwa New Orleans, Marekani, mwaka 1806. Mwaka 1843 alipata hati ya uvumbuzi wake. Kabla yake watumwa wa Louisiana walikuwa wakihamisha shira ya moto kwa upawa kutoka sufuria hadi sufuria, na wengi waliungua. Rillieux alipanga vyombo kwa safu, mvuke unaotoka chombo cha kwanza ukachemsha cha pili, wa pili ukachemsha cha tatu, kwa kupunguza hewa ndani yake ili shira ichemke kwa joto dogo. Kuni zikapungua mno. Viwanda vya sukari duniani, vya kwetu vikiwamo, vinafuata mpango huo hadi leo.

Lakini kumbuka, msikilizaji, kwamba tumetia chokaa. Na muwa nao una madini yake kutoka ardhini, ikiwamo silika. Kadiri maji yanavyozidi kufukuzwa ndivyo madini yanavyokosa pa kukaa, nayo hushika ndani ya mabomba. Chombo cha mwisho, chenye shira nzito kuliko vyote, ndicho huzibwa zaidi. Baada ya siku kadhaa mvuke ule ule hautoshi tena, shira hutoka nyepesi, miwa iliyokwisha kukatwa hungoja uwanjani na kuanza kuchacha. Hapo kiwanda hakina budi kusimama. Vyombo huchemshwa kwa magadi makali, yale ambayo watengeneza sabuni huyaita kostiki, kisha mafundi huingiza brashi za chuma katika kila bomba. Hakuna msimu wa miwa usio na siku za kukwangua.

Ugonjwa huu si wa sukari peke yake. Wale wanaotengeneza alumini, madini ya sufuria zetu na mabati yetu, huanza na udongo uitwao boksaiti, ambao hata kwetu upo katika milima ya Usambara. Njia ya kuusafisha ilibuniwa na Karl Josef Bayer, Mwaustria aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, mwaka 1888. Udongo huchemshwa katika magadi makali chini ya mgandamizo mkubwa. Silika iliyomo huyeyuka pamoja nao, kisha hurudi kuganda ndani ya mabomba ya kupashia joto, ngumu kama kauri. Viwanda vyenye thamani ya mabilioni husimamisha mstari mmoja baada ya mwingine ili watu waingie na tindikali na nyundo. Basi tajiri na maskini wanashirikiana katika jambo hili: kila anayechemsha atakwangua.

Sasa tufike penye uchungu. Wengi wenu mnaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni hazikuwapo, na sukari ilipatikana kwa foleni katika duka la kaya, kilo moja kwa kibali. Tulitafuta mchawi. Tuliwalaumu walanguzi, na mwaka 1983 walanguzi walikamatwa kweli kweli. Mimi siwezi kusema kuwa sukari ilikosekana kwa sababu ya ukoko, huo utakuwa uongo. Sababu zilikuwa nyingi: mafuta, vipuri, magari ya miwa, bei, na utawala. Lakini fikiri kidogo. Kiwanda kisichopata mabomba mapya hakina budi kutumia yaliyochakaa. Kiwanda kisichopata kostiki ya kutosha kitaosha nusu. Na meneja anayedaiwa tani na wakubwa atashawishika kuahirisha siku ya kuosha ili aandike tani za leo. Akifanya hivyo, atakuwa amekopa kwa kesho, na ukoko ni mdai asiyesamehe riba. Mwaka 1998 viwanda vile viliuzwa kwa wawekezaji, serikali ikabaki na hisa 25 kati ya 100. Tukabishana sana juu ya bei na uzalendo. Sikumbuki kama tulibishana juu ya brashi za chuma.

Reli nayo ikabadilika. Injini za dizeli ziliziondoa zile za mvuke katika miaka ya 1970 na 1980, na matangi mengi ya maji kando ya reli yakabaki makumbusho ya kutu. Dizeli haihitaji kunywa kila kituo, na hiyo ilikuwa sababu kubwa ya kupendwa kwake katika nchi kavu. Watu wakasema taabu ya ukoko imekwisha. Taabu ilikuwa imehama tu. Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukavunja tuta lililokuwa likiukinga mji wa Kilosa, ukawatoa maelfu ya watu majumbani mwao na kuikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Mvua ni ya Mungu. Lakini mchanga unaojaza kitanda cha mto, magugu yanayoziba makalvati, na tuta linaloliwa kidogo kidogo kila mwaka, hivyo ni ukoko wa aina nyingine. Navyo hujikusanya kimya kimya, huku ofisini kukiandikwa kwamba hali ni ya kawaida.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa ndani ya mahandaki, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache. Ni jambo la kujivunia, wala simwonei haya anayejivuna. Haina boila, haina mabomba ya moshi, haijali Marenga Mkali. Lakini ina nyaya, ina vifaa vya umeme, ina mifereji ya maji chini ya tuta, na kila kimojawapo kina siku yake ya kukwanguliwa. Swali langu ni hili: katika hotuba za uzinduzi, nani alitaja jina la siku hiyo?

Sheria ililiona jambo hili mapema. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 ilitaka boila za mvuke zikaguliwe kwa vipindi maalumu, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ikaja kushika nafasi yake. Kwa hiyo hatukukosa sheria. Tulichokosa ni heshima. Mtu anayekata utepe tunampiga picha, lakini yule aliyetumbukiza mkono wake gizani na kutoa mawe ndani ya tumbo la injini, usiku, ili asubuhi abiria wa Kilosa wasafiri salama, hatuna picha yake wala jina lake. Na bajeti zetu hufuata macho yetu. Fedha za kununua hupatikana, fedha za kutunza hukatwa kwanza. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, tia maji na ndimu mbili zilizokamuliwa katika birika lako, uliache lipate moto, kisha ulisuuze. Utando ule utaachia, maana chokaa huogopa ukali wa ndimu. Mkaa wako au gesi yako itadumu zaidi kidogo. Halafu kesho, ukifika kazini kwako, iwe ofisi, karakana au shule, fumbua kifuniko na utazame ndani.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.